Linaumaje?

Pantoni la alfajiri kutoka Kigamboni huwa limeshona watu, na kila mtu anatafuta pa kusimama apate upepo. Mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa natafuta pasipo na upepo. Nilikuwa na nguzo yangu nyuma ya malori, naiegemea, mtandio nimeuvuta mpaka chini ya jicho. Upepo wa bahari ukinipata shavu la kushoto, pale chini ya kona ya mdomo, ni kama nimekatika na kisu halafu mtu akanikamulia ndimu. Na jeraha halipo. Hata kovu la kukuonyesha sina.

"Mwanangu, una jino?" aliniuliza siku moja mama mchuuzi wa samaki aliyekuwa anavuka na ndoo yake tupu kuwahi mnada wa Feri.

"Hapana mama. Nilishaling'oa."

"Sasa mbona unalishikilia?"

Nikateremsha mkono. Ulikuwa mwezi wa nane. Jino lilitoka mwezi wa pili.

Niseme mapema kwamba sijutii kuling'oa. Lilikuwa gego la mwisho, la chini kushoto, lile linaloota mtu ameshakuwa mtu mzima na mdomo hauna tena nafasi. Langu liliota kwa ubavu, limemlalia mwenzake, nusu liko nje na nusu limefunikwa na ufizi. Chakula kikiingia chini ya ule ufizi hakitoki. Ndani ya mwaka mmoja lilinivimbisha mara tatu, na mara ya tatu nilishindwa kufungua mdomo kiasi cha kuingiza kijiko. Daktari yeyote angesema litoke.

Zahanati niliyokwenda ilikuwa safi na foleni fupi. Daktari kijana, mpole, akanichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akajaribu koleo, jino likakataa. Akalikata vipande kwa mashine. Shughuli ilichukua karibu saa nzima na jasho lilikuwa linamtoka yeye zaidi yangu. Katikati ya kazi, ganzi ikiwa bado imenishika, nilipigwa shoti. Naita shoti kwa sababu sina neno jingine: kitu kilitoka kwenye gego kikakimbia chini ya meno yote ya kushoto mpaka kwenye mdomo, kama umeme unavyokimbia kwenye waya. Nikaruka kitini. Akasema, "Vumilia kidogo mama, tumemaliza." Na kweli walimaliza. Kwenye karatasi yangu waliandika kwamba jino limetoka salama.

Siku ya tatu nikaamka na maumivu yanayopanda mpaka sikioni, na mdomo unanuka. Hayo yalieleweka haraka. Jino likitoka, shimo hujaa damu, damu inaganda, na lile bonge ndilo linalofunika mfupa mpaka nyama mpya iote. Bonge likitoka mapema mfupa unabaki wazi, mate na uji na hewa vinaugusa, na mtu anatamani kupanda ukuta. Kwa kawaida huanza siku ya pili mpaka ya nne, na magego ya chini ndiyo yanayoongoza. Wakaniosha shimo kwa maji ya chumvi, wakalijaza kitambaa kilicholoweshwa dawa yenye harufu ya pilau. Nikauliza ni nini. Ni karafuu, au tuseme ile yujenoli ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Bibi yangu kule Pangani alipoambiwa kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Nilikwambia utafune karafuu ukasema ni mambo ya kizamani. Sasa umelipia."

Baada ya siku kumi shimo likatulia. Ufizi ukafunga vizuri. Ila nilipokwenda kuoshwa mara ya mwisho nilimwambia muuguzi kwamba mdomo wa chini upande wa kushoto bado una ganzi, nikinywa maji yananichuruzika kidevuni bila mimi kujua. Akasema itaisha yenyewe. Hakuandika popote. Ningekuwa na kinyongo na mtu katika habari hii yote, kingekuwa na sentensi ile moja ambayo haikuandikwa.

Ganzi haikuisha, iligeuka. Ramadhani ikanikuta nikigundua kwamba ndani ya ile ganzi kuna moto. Ni jambo gumu kumweleza mtu: mahali hapohapo pasipohisi ndipo panapouma. Mtandio ukinigusa kidevu, nashtuka. Mume wangu akinibusu shavu kumuaga mwenzie anapokwenda kazini, nashtuka, naye anaona nimebadilika. Mswaki sawa, maji baridi si sawa. Kulalia upande wa kushoto nikasahau kabisa.

Na mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kazi yangu ni silabi. Ba, be, bi, bo, bu. Ma, me, mi, mo, mu. Hujawahi kufikiria ni mara ngapi midomo yako inagusana mpaka siku kila mguso uwe na bei. Nilianza kuzipendelea silabi za koo na za ulimi. Watoto wangu wa mwaka ule, nawaapia, walikuwa hodari wa ka na la kuliko wa pa.

Nikaanza kuzunguka. Sitaitaja hata zahanati moja, kwa sababu zote zilinipokea kwa nia njema, na kwa sababu nikizipanga hapa utachoka kama nilivyochoka. Kwa wa kwanza nilipata dawa za kuua vijidudu, siku saba, kisha nyingine siku saba, tumbo likaharibika na shavu likabaki vilevile. Wa pili alipiga picha ndogo ya jino moja, akakuta gego la jirani lina alama ya kuanza kutoboka, akaliziba. Nikashukuru, kwa sababu kweli lilihitaji kuzibwa, lakini si lililonipeleka. Kisha daktari wa kawaida aliyesikia "taya la kushoto" akaninyanyua usiku uleule kwenda kupimwa moyo. Alikuwa na haki. Kuna watu moyo unawashtaki kwenye taya kabla ya kifua, hasa taya likiuma mtu akipanda ngazi na kuacha akipumzika. Wangu ulikuwa mzima. Nikakunja ile karatasi yenye mistari ya milima milima nikaitia kwenye bahasha, pesa zimeliwa bure, nikadhani.

Wifi yangu alisema nimepigwa jicho. Akaniletea kombe, yale maji yaliyooshea aya, nikanywa; maandishi ya zafarani hayakumdhuru mtu. Pale Kariakoo kuna kaka mwenye kipaza sauti na chupa ya wadudu weupe anaosema wametoka kwenye meno ya wateja wake. Hapo nilipita. Jino halina mdudu wa namna ile. Kinachotoboa meno ni asidi ya bakteria wanaokula sukari tunayowaachia. Lakini nakiri nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho. Mtu ambaye hajalala wiki mbili husikiliza chochote.

Wa nne ndiye aliyekaribia kunitoa jino la pili. Na habari yake nataka niieleze polepole, kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango.

Alinigonga meno yote ya chini kushoto kwa kijiti cha chuma. Kila alipogonga nilisema panauma, maana upande mzima ulikuwa unauma. Akachagua lile gego lililozibwa. Akanichoma ganzi, akasubiri dakika kama tano, akauliza, "Sasa?" Nikanyamaza. Moto ulikuwa umezimika. Mara ya kwanza tangu Ramadhani. Machozi yakanitoka. Akatabasamu kwa wema kabisa, akasema, "Umeona mwalimu? Ni jino hilo."

Akachukua koleo. Umeme ukakatika.

Jenereta lao lilikuwa kwa fundi. Taa ya simu ya muuguzi haikutosha. Tukakubaliana nirudi Jumatatu, nikatoka na jino langu mdomoni na shavu limelala usingizi. Nikapanda pantoni la saa kumi. Sikwenda kwenye nguzo yangu. Nilikwenda mbele kabisa penye mnyororo, nikafungua mtandio shavuni, nikaupa uso upepo wote wa mkondo ule, na watu waliokuwa jirani lazima walidhani nina wazimu kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu.

Hapo, katikati ya furaha, ndipo nilipohisi kitu kingine. Moto ulikuwa umezimika lakini bado kulikuwa na maumivu. Yako juu zaidi, kwenye kona ya taya na kuelekea chini ya sikio. Mazito, ya ndani, ya polepole. Yalikuwepo siku zote, ila moto ulikuwa unayafunika, kama mtu mwenye sauti kubwa anavyomfunika mwenye sauti ndogo. Ganzi haikuyagusa hata kidogo.

Jumatatu sikurudi. Nilikwenda kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa ajili ya hayo ya chini ya sikio. Akaniangalia sikio, akaniangalia koo, akaweka taa yake mezani, akasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameyasema: "Mwalimu, hili si langu. Lakini si la kwamba huna kitu." Akaniandikia barua kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya kwenye hospitali ya rufaa. Zilipita wiki tano kabla ya tarehe yangu kufika. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeingia.

Nilimtarajia mzee mwenye haraka. Nikamkuta mtu wa makamo, lafudhi ya bara, miwani imefungwa uzi. Nikaanza kama nilivyozoea: "Shikamoo daktari, jino linaniuma."

"Marahaba. Jino lipi?"

"Hili la…" nikaonyesha. Akachungulia.

"Hapo hapana jino, mwalimu."

"Ndiyo, nililing'oa mwezi wa pili."

"Basi tusiseme jino. Mahali. Mahali panauma. Sasa niambie, panaumaje?"

Nikamwambia panauma sana. Akatikisa kichwa. Sana ni kiasi, akasema. Mimi nauliza namna. Nikakaa kimya kidogo, nikahisi kama mwanafunzi wangu niliyemsimamisha mbele ya ubao. Miezi tisa, watu sita wenye makoti meupe, na wote niliwaambia "linauma", nao wote wakaandika kwamba linauma. Hakuna aliyekosea. Neno nililowapa halikuwa na zaidi ya hapo.

Halafu nikamkumbuka bibi. Kwa bibi hakuna kitu kinachouma tu. Kichwa kinawanga. Jipu linapwita. Tumbo linasokota, au linakeketa, na hayo ni mawili tofauti, la pili ukimwambia anakupa dawa nyingine. Kiuno kinavuta. Ubavu una kichomi. Kidonda ukikigusa unakitonesha, na ukikitia ndimu kinachonyota. Nimezaliwa katikati ya maneno haya yote, na nilipokuja mjini nikabaki na moja.

Nikasema, "Daktari, hapa chini ya mdomo pananichonyota. Na hapa juu, karibu na sikio, panawanga."

Kalamu yake ikasimama. "Kuchonyota ndiyo nini?"

"Umekatika kidole, halafu unakamua ndimu."

"Na kuwanga?"

"Kama kichwa cha mtu mwenye malaria. Hakichomi. Kinabana, kinaelemea."

"Ni kitu kimoja kinabadilika, au ni vitu viwili?"

Nikamsimulia habari ya ganzi na pantoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuandika, kisha akasema, "Maneno hayo ungemwambia mtu wa kwanza." Nikamjibu, kwa heshima, kwamba mtu wa kwanza hakuuliza. Akacheka. Akakubali.

Akatoa karatasi yenye maswali kumi. Ilitungwa na madaktari wa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2005, na kazi yake ni kutenganisha maumivu ya kawaida na yale yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu wenyewe. Saba unaulizwa, matatu anakupima. Panachoma? Panauma kwa ubaridi? Kuna shoti? Kunatambaa kama siafu? Kunachomachoma kama pini? Kuna ganzi? Panawasha? Ukifikisha alama nne kati ya kumi, mshipa ndio mshukiwa. Mimi nilikuwa na tano kabla hajanigusa.

Kisha akanigusa. Akaniambia nifumbe macho. Alikuwa na pamba aliyoivuta ncha mpaka ikawa kama unyoya, na kijiti cha meno. Alianza shavu la kulia nijue kawaida ikoje. Akahamia kushoto, akitoka mbali na kusogea: niseme "sasa" pale mguso unapobadilika. Kila niliposema sasa, aliweka nukta kwa kalamu ya bluu. Kijiti sikukihisi kama kijiti. Ilikuwa kama mtu ananibonyeza kwa kidole kupitia blanketi. Lakini ile pamba! Pamba iliyopita kama pumzi ilinifanya nimkamate mkono. Kijiti hakiniumi, pamba inaniumiza. Niliona aibu, kama mtu anayedanganya vibaya. Yeye akasema, "Vizuri sana," akaweka nukta nyingine. Alama zilifika saba.

Alinipa kioo. Nukta zilikuwa zimechora kiraka kuanzia kona ya mdomo, kikashuka kidevuni, kikakomea katikati kabisa ya kidevu, mstari umenyooka kama mpaka wa wilaya. Nikajipiga picha kwa simu.

"Unaona umbo hili?" akasema. "Halijui jino. Linajua mshipa."

Akafungua ile picha ya taya zima ambayo nilikuwa nimepigwa asubuhi, ile unayosimama umeng'ata kijiti cha plastiki, hereni umevua, na mashine inakuzunguka kichwa taratibu kama inakutafuta kosa. Kwenye taya la chini, chini ya mizizi ya meno, kulikuwa na mistari miwili myeupe iliyoambatana. Hiyo ni njia ya mshipa. Mshipa wa tano wa kichwani una matawi matatu, akasema: moja la paji la uso, moja la shavu na taya la juu, moja la taya la chini. Hili la chini linatoa kijitawi kinachoingia ndani ya mfupa kwa nyuma, kinapita kwenye handaki lake chini ya magego kikiyahudumia, kinatokea nje kwenye kitundu karibu na kidevu, na kinamalizia kwenye mdomo na ngozi ya kidevu. Pale lilipokuwa gego langu, mfupa mpya ulikuwa umeanza kujaza shimo, na chini ya shimo mistari miwili ilipita imeligusa kabisa. Ile shoti yangu ya mwezi wa pili ilikuwa na anwani.

Na ndiyo sababu sindano ya ganzi ilimdanganya yule ndugu wa nne. Ukichoma ganzi kule nyuma, unalaza mshipa wote, kutoka gego mpaka kidevu. Maumivu yakizimika, umejua kwamba yako kwenye njia ile. Hujajua ni jino gani, wala kama ni jino. Bingwa alisema amewahi kupokea watu waliong'olewa meno mazima moja baada ya jingine kwa mantiki hiyohiyo, maumivu yakihama na kuhama. Nikapitisha ulimi juu ya gego langu lililookolewa na kukatika kwa umeme.

"Na kuwanga?" nikauliza.

"Uma meno." Nikauma. Akaweka vidole kwenye kona ya taya, pale msuli unapotuna, akabonyeza. Nilipiga kelele iliyomleta muuguzi mlangoni.

Hiyo ilikuwa msuli tu. Miezi yote ile nilikuwa najilinda dhidi ya ule moto kwa kukaza meno, darasani, kwenye pantoni, usingizini, bila kujua. Meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana ila wakati wa kula na kumeza. Yangu yalikuwa yanabanana usiku kucha. Msuli ukachoka, ukawa unawanga, na kwa kuwa uko jirani na sikio ukanipeleka kwa daktari wa sikio.

Akanieleza ambacho hakikuwa chenyewe. Lingekuwa linapiga kwa sekunde chache kama radi kisha linaacha kabisa, bila kuacha ganzi, angefikiria ugonjwa mwingine wa mshipa huohuo na dawa nyingine. Ungekuwa mfupa umeoza, picha ingeonyesha, na kungekuwa na usaha au uvimbe. Kingekuwa kipande cha mzizi kimebaki, kingeonekana. Alinifungulia kila mlango akanionyesha chumba kitupu, na ninavyojijua, bila hivyo nisingemwamini.

Jioni nikampigia mume wangu. "Wamepata," nikamwambia. "Ni mshipa."

Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mshipa? Kwani wanawake nao wanapata mshipa?"

Kwetu Pwani mwanamume akisema fulani ana mshipa, hazungumzii taya. Lugha iliyompa bibi maneno manane ya maumivu imetupa neno moja la mrija wa damu, waya wa fahamu, na maradhi ya kiumeni. Nilicheka mpaka kiraka kikawaka.

Dawa ndiyo iliyonikwaza. Amitriptilini, nusu kidonge cha miligramu 25, usiku. Binti wa duka la dawa alikisoma cheti, akanitazama, akashusha sauti: "Mama, hii ni ya wagonjwa wa akili, unajua?" Nikasoma kijikaratasi cha ndani: dawa ya sonona. Nikairudisha kwenye mfuko. Kumbe hata huyu, na pamba yake na nukta zake, alikuwa ananiona mwendawazimu kwa adabu. Dawa ilikaa kabatini siku nne.

Siku ya tano nikampigia. Hakukasirika. Akaniuliza, "Mwalimu, darasani una kiranja?" Ninaye. "Huandika majina ya wapiga kelele?" Huandika. "Sasa mfikirie kiranja aliyewahi kupigwa na darasa. Siku hizi anaandika majina hata darasa likiwa kimya. Mshipa wako ndiyo huyo. Darasa limetulia zamani, kidonda kimepona, yeye anaendelea kupeleka karatasi ofisini. Hii dawa haiendi kumnyamazisha kiranja. Inamwambia mwalimu mkuu asiipokee kila karatasi." Wa sonona hupewa dozi kubwa mara kadhaa kuliko yangu, akasema, kwa kiasi kidogo inafanya kazi nyingine. Kisha akauliza kama nina kipimo cha moyo cha hivi karibuni, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya mwenye moyo wenye hitilafu. Nikaitoa ile karatasi ya milima milima kwenye bahasha, nikampigia picha na kumtumia.

Wiki ya kwanza ilinipa mdomo mkavu kama nimelamba chokaa, na asubuhi nzito. Nilikosa pantoni mara mbili. Mdomo ukikauka meno hutoboka upesi, kwa hiyo natembea na chupa ya maji na napiga mswaki kama askari. Kwa msuli, kitambaa cha maji moto jioni, uji na ndizi za kupondwa badala ya mahindi ya kuchoma, na alama ya chaki niliyojiwekea kona ya ubao: nikiiona, naachanisha meno. Watoto waliuliza ni silabi gani. Kuwanga kulianza kuondoka kwanza. Moto ulichukua muda zaidi. Wiki ya tatu usiku mmoja niliamka nikajikuta nimelalia kushoto, nikabaki nimelala vilevile bila kutikisika, naogopa kuiharibu.

Haijaisha. Daktari hakuniahidi itaisha. Mshipa uliojeruhiwa hupona polepole, na baada ya miezi tisa huenda usirudi wote. Siku za kusi upepo bado unanikumba. Lakini sasa unachonyota kidogo tu, hauunguzi.

Wiki iliyopita nilikwenda kuonwa. Pamba ileile, kijiti kilekile, macho nimefumba, sasa, sasa, sasa. Akalinganisha na picha iliyo kwenye simu yangu. Kiraka kimepungua upana wa kidole upande wa mdomo. Kidevuni kiko palepale. Akaandika. Nikatoka mbio kuwahi kivuko, nikasimama pale mbele kwenye mnyororo, na tulipofika katikati nikasikia mtoto mdogo mgongoni kwa mama yake anamnong'oneza kwa sauti ya pantoni zima: "Mama, yule mwalimu wamemchora."

Nikapeleka mkono kidevuni. Nukta za bluu zote zilikuwa bado zipo.